Seven Samurai, The Magnificent Seven au Sholay: uanze na ipi?

Wadau wa muvi, kila wikiendi lazima atokee mtu aulize "nipeni muvi moja kali ya zamani niangalie", na anachopata ni majina hamsini yamepangwa tu, mwisho anarudi kuangalia kile kile alichokuwa anaangalia jana. Mimi nataka nichukue tatu tu, na hizi tatu nimezichagua makusudi kwa sababu stori ni ile ile moja: kijiji kinanyanyaswa na majambazi, wanakijiji hawajui kupigana, wanaenda kutafuta watu ambao kazi yao ni kupigana, wanawalipa hicho kidogo walichonacho, halafu vita. Ya kwanza Seven Samurai ya Akira Kurosawa, Japani, 1954. Ya pili The Magnificent Seven ya John Sturges, Marekani, 1960, ya makoboi, na hii ni marudio rasmi kabisa ya ile ya Kijapani. Ya tatu Sholay ya Ramesh Sippy, India, 1975, ambayo imechota kwa hizo mbili, ikachota na kwenye muvi za koboi za Mtaliano Sergio Leone, halafu ikatia nyimbo, vichekesho, mapenzi na kisasi mpaka ikawa kitu chake peke yake.

Kinachonifurahisha hapa ni kwamba Kurosawa mwenyewe alikuwa anazipenda sana muvi za koboi za dairekta wa Kimarekani John Ford. Kwa hiyo koboi akaenda Japani akavaa upanga, akarudi Marekani akavaa kofia, akafika India akapanda pikipiki ya kigari cha pembeni akaimba. Ukiziangalia zote tatu unaona dunia nzima inavyoazimana stori bila hata kuulizana.

Sasa kuchagua. Tuliolelewa na vibanda umiza, ambao muvi tulizisikia kwa watafsiri kama Lufufu au DJ Afro kabla hatujajua hata jina la dairekta, tuna tabia moja, jicho letu liko kwa stelingi. Stelingi kafanyaje, stelingi kampiga nani. Kwa hizi tatu ukimwangalia stelingi peke yake utaona zinafanana na utasema basi nikiona moja nimeona zote. Waangalie wanakijiji. Hapo ndipo zinapoachana, na mimi naamini ipi itakugusa wewe inategemea unataka kuona nini kwa wale wakulima.

Nianze na Seven Samurai maana ndiyo mama yao. Ni karne ya 16, Japani iko kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, samurai wengi hawana bwana wala mshahara, wanatangatanga na njaa. Wakulima wanasikia majambazi wamepanga kurudi wakati wa mavuno, wanaenda kwa mzee wa kijiji, mzee anasema tafuteni samurai wenye njaa. Malipo ni chakula, wali mara tatu kwa siku, na hela hamna. Na hapa kuna kitu kidogo ambacho ukikikosa umekosa nusu ya muvi: wale wakulima wenyewe hawali huo wali, wanakula uwele ili samurai wapate mchele. Kambei, yule samurai mkubwa aliyeigizwa na Takashi Shimura, anapolijua hilo anashika bakuli lake la wali na kusema hatakipoteza bure chakula hiki. Basi, kazi imekubaliwa. Hakuna hotuba ndefu pale wala muziki wa kukulazimisha ulie.

Huyo Kambei tunavyotambulishwa kwake ni darasa tosha kwa mtu yeyote anayetaka kutengeneza filamu. Mwizi kamteka mtoto kajifungia naye kwenye banda, watu wamejaa nje, mama analia. Kambei anakaa pembeni ya mto ananyolewa nywele, na kwa samurai kile kishungi cha nywele ni heshima yake yote, anakubali kikatwe ili afanane na mtawa. Anaazima kanzu ya mtawa, anaomba matonge mawili ya wali, anaenda taratibu mlangoni anamwambia mwizi mimi mtu wa dini nimewaletea chakula, anarusha matonge ndani, halafu anaingia kama umeme. Ndani hatuonyeshwi kitu. Tunamwona mwizi anatoka mbio, picha inakuwa ya polepole, anasimama juu ya vidole vya miguu kama anataka kuruka, halafu anaanguka na vumbi linanyanyuka. Mwaka 1954! Kuna muvi za leo zenye kompyuta za kila aina haziwezi kukupa dakika kama hizo.

Ila kwangu roho ya muvi ni Kikuchiyo, aliyeigizwa na Toshiro Mifune, yule mlevi mpiga kelele anayejifanya samurai na ana hati ya ukoo ambayo wenzake wakiisoma wanagundua mwenye jina hilo angekuwa na miaka 13. Watu wanacheka. Halafu inafika siku anagundua wakulima wameficha mavazi ya vita na silaha, anawaletea wenzake kwa furaha, na wenzake wananuna, kwa sababu vitu vile vimetoka kwa samurai walioshindwa vitani wakakimbia, wakulima wakawavizia wakawaua. Kikuchiyo anageuka mbele ya kamera analipuka, anasema ndiyo, wakulima ni wachoyo, ni waongo, wanaficha mchele chini ya sakafu, wanalia lia huku ni wauaji, lakini nani aliyewafanya hivyo? Nyinyi! Nyinyi samurai mnaochoma vijiji vyao na kuchukua wanawake wao. Na hapo ndipo Kambei anamuuliza, kumbe wewe ni mtoto wa mkulima? Mifune anatoka nje mbio bila kujibu. Sijaona mahali pengine kwenye muvi ya eksheni ambapo maskini wamepewa haki yao namna hii, ubaya wao wote umewekwa mezani na bado unawapenda.

Na kijiji kizima kiko hivyo. Samurai wanafika, hakuna hata mmoja anayetoka kuwapokea, wote wamejificha ndani kwa woga wa watu walewale waliowaita wenyewe. Kuna baba mmoja, Manzo, anamkata binti yake nywele kwa nguvu afanane na mvulana ili samurai wasimguse. Kuna wenye nyumba tatu za ng'ambo ya mto ambao wakiambiwa nyumba zao haziwezi kulindwa wanatupa mikuki na kutaka kuondoka, na Kambei anawarudisha kwa upanga mkononi, anawaambia anayejifikiria mwenyewe tu anajimaliza mwenyewe. Haya mambo ukiwa umekulia kijijini huhitaji mtu akufafanulie.

Vita ya mwisho ni kwenye mvua na matope, ilipigwa wakati wa baridi kali, Kurosawa kaweka kamera kadhaa kwa mpigo na lenzi za kuvuta mbali mpaka unahisi farasi wanakuja kwako. Kambei ana karatasi amechora duara kwa kila jambazi, akifa mmoja anaweka alama, kwa hiyo na wewe mtazamaji unahesabu naye, unajua wamebaki wangapi. Sitasema nani anabaki na nani anaondoka. Nitasema tu kwamba majambazi wana bunduki 3, na uangalie samurai wanaokufa wanauawa kwa silaha gani. Upanga ulishaanza kupitwa na wakati na Kurosawa anakuonyesha hilo bila kulitamka.

Shida yake ni moja na niiseme wazi, ni dakika 207, nyeusi na nyeupe, Kijapani na subtaito. Saa ya kwanza nzima ni kutafuta watu na kuongea. Ukiiangalia kwenye simu ndani ya daladala huku meseji zinaingia, hutaielewa na utaichukia bure.

The Magnificent Seven ndiyo nyepesi kuliko zote, dakika 128, imeisha kabla hujachoka. Kijiji ni cha Meksiko, wapiganaji ni Wamarekani wa bastola, kichwa chao ni Yul Brynner kavaa nyeusi juu mpaka chini, pembeni yake Steve McQueen, Charles Bronson, James Coburn, Robert Vaughn, na muziki ni wa Elmer Bernstein, ule ambao hata kama hujawahi kuiona muvi hii nina uhakika umeshausikia mahali maana ulitumika mpaka kwenye matangazo ya sigara. Ukiwa na mtu ambaye anasema "mimi muvi za zamani siziwezi", muanzishie hii, sina wasiwasi.

Na siyo nyepesi kwa maana mbaya. Mwanzo wake ni mzuri sana: kuna maiti ya Mhindi Mwekundu imelala, pesa ya mazishi imelipwa, lakini wenye mji hawataki azikwe kwenye makaburi yao kwa sababu ya rangi yake, na dereva wa gari la maiti anaogopa kupigwa risasi. Brynner anapanda juu ya gari anachukua hatamu, McQueen anakaa pembeni na bunduki, wanalipandisha taratibu mpaka makaburini, wawili hawafahamiani hata majina. Kwa dakika chache tu umeshajua hawa ni watu gani. Halafu kuna Bronson na wale watoto watatu wa kijijini waliomganda, siku moja wanamwambia tunaona aibu baba zetu ni waoga, na yeye anamkamata mmoja anamchapa makalio, anawaambia baba zenu ndio wanaume kwa sababu wamebeba mzigo wa kuwalea nyinyi na mama zenu, kila siku, na mimi sijawahi kuwa na ujasiri huo. Kila baba anapaswa kuiona hiyo.

Ila kwa upande wa wanakijiji ndipo ilipopungukiwa. Muvi ilipigwa Meksiko na wakaguzi wa serikali ya kule walikuwa macho Wameksiko wasije kuonyeshwa kama watu wanyonge wachafu, jambo ambalo nalielewa kabisa kwa jinsi Hollywood ilivyokuwa inawaonyesha. Matokeo yake wakulima wamevaa nguo nyeupe safi pee kutoka mwanzo mpaka mwisho, hata wakitoka kuchimba mitaro, na hawaendi mjini kutafuta watu wa kuwasaidia, wanaenda kununua bunduki, ndipo Brynner anawaambia siku hizi watu ni bei rahisi kuliko bunduki. Heshima wamepata, ila uzito umepungua. Kuna wakati kijiji kinawageuka wale saba na hata hapo muvi haikai nalo sana, inakimbilia risasi. Mpaka unamaliza unawajua vizuri makoboi, wakulima unamkumbuka mmoja mmoja.

Kitu kingine, ile stori ya Kikuchiyo, mtoto wa mkulima anayejifanya mpiganaji, hapa imeunganishwa na ya yule samurai kijana wa Kurosawa ikawa mtu mmoja, Chico, aliyeigizwa na Mjerumani Horst Buchholz. Anajitahidi, na ile hotuba ya lawama anayo, ila pengo la Mifune halizibiki.

Haya, Sholay. Hii kwa watu wa Dar, Zanzibar na Mombasa sihitaji kuitambulisha, pikcha za Kihindi zimekuwa zetu tangu enzi za wazee kwenda sinema Jumapili wamevaa vizuri, na kuna watu hawajui neno la Kihindi lakini nyimbo zake wanaimba mwanzo mwisho. Kwenye ukumbi wa Minerva kule Bombay ilionyeshwa zaidi ya miaka 5 mfululizo. Mazungumzo yake yaliuzwa kwenye santuri, siyo nyimbo tu, mazungumzo, watu wakawa wanayakariri.

Hapa saba wamekuwa wawili, Veeru na Jai, Dharmendra na Amitabh Bachchan, wezi wadogo wadogo marafiki wa kufa na kuzikana, na anayewaajiri ni mtu mmoja, Thakur, polisi mstaafu aliyeigizwa na Sanjeev Kumar, ambaye siku zote anajifunika shali na hujui kwa nini mpaka ufike muda wake. Kwa hiyo jambo limehama, mwajiri siyo kijiji kinachotafuta kuishi, ni mtu mmoja anayetafuta kisasi. Wakulima wa kijiji chake, Ramgarh, kwa sehemu kubwa wako nyuma wamesimama wanaangalia, bwana mkubwa ndiye anayeamua. Ukitoka kwenye Seven Samurai utaliona hilo pengo haraka.

Lakini kuna Imam. Mzee kipofu wa msikiti wa kijiji, A.K. Hangal, mwanawe Ahmed anatumwa kwenda mjini kutafuta kazi na majambazi wanamuua njiani, farasi anarudi kijijini na mwili mgongoni. Watu wote wamekusanyika wamenyamaza, na mzee anakuja na fimbo yake anauliza mbona kimya hivi. Hakuna anayejibu. Anapapasa kwa mikono mpaka anaufikia uso wa mwanawe. Na wanakijiji kwa woga wanataka kuwatoa Jai na Veeru wakabidhiwe majambazi yaishe, ni mzee huyuhuyu aliyefiwa ndiye anayewakatalia, anasema atamuuliza Mungu kwa nini hakumpa watoto wengine wa kuwatoa kwa ajili ya kijiji hiki, kisha adhana inasikika anaomba apelekwe msikitini. Dakika hizo chache zina uzito kuliko nusu nzima ya pili ya The Magnificent Seven, na nasema hivyo huku nikiipenda The Magnificent Seven.

Na kwenye adui hakuna mashindano kabisa. Majambazi wa Kurosawa karibu hawana sura, ni balaa kama nzige. Calvera, jambazi mkuu wa The Magnificent Seven aliyeigizwa na Eli Wallach, ana mdomo mtamu, anaongea kama mfanyabiashara anayelalamikia gharama za kulisha vijana wake, nampenda. Lakini Gabbar Singh! Amjad Khan, jukumu lake kubwa la kwanza, unasubirishwa muda mrefu unasikia jina tu, halafu unaanza kuona buti zinatembea juu ya jiwe na mkanda unaburuzwa chini unakwaruza, sauti ile tu inatosha. Anawauliza vijana wake waliokimbia, walikuwa watu wangapi? Wawili. Na nyinyi watatu? Anacheka, nao wanacheka, na wewe nyumbani tumbo linakubana kwa sababu unajua kicheko hicho kinaishia wapi. Miaka hamsini imepita na waigizaji wa India bado wanapimwa kwa Gabbar.

Kinachoweza kumsumbua mtu mgeni ni ule mchanganyiko. Unatoka kwenye mauaji ya familia ya Thakur, bembea inalia kwikwi kwikwi kwenye ukimya, baadaye unakutana na Veeru kalewa yuko juu ya tenki la maji anatishia kujirusha kwa sababu ya Basanti, msichana anayempenda, kijiji kizima kinamsihi. Mimi naona ndiyo ukubwa wake, maana upande wa pili wa kelele hizo kuna Jai na Radha, yule mjane mwenye sari nyeupe, jioni yeye anazima taa moja moja ghorofani na Jai chini anapuliza kinanda cha mdomo, hawaongei, muvi nzima karibu hawaongei. Ni mapenzi mazito kuliko ya Veeru na Basanti yenye nyimbo zote. Kama wewe ni mtu wa muvi moja hisia moja, hii itakuchosha.

Sasa ukitafuta kuangalia, kagua urefu kwanza. Seven Samurai ilikatwa vibaya ilipouzwa nje, hata Marekani ilitoka kwanza ikiwa imefupishwa na ikapewa jina The Magnificent Seven, kwa hiyo ukikuta ya saa 2 na nusu achana nayo, tafuta ya saa 3 na dakika 27. Ina mapumziko katikati yaliyowekwa na Kurosawa mwenyewe, igawe hapo, nusu Jumamosi usiku nusu Jumapili, inakaa vizuri kabisa. Sholay nayo ina miisho miwili, kwa sababu mwaka ule wa 1975 bodi ya ukaguzi ya India, hali ya hatari ikiwa imetangazwa, haikutaka mtu aliyekuwa polisi achukue sheria mkononi, wakaurudia mwisho ukapigwa upya. Toleo la Sippy mwenyewe ndilo zuri, kisasi kinafika mahali kinapopaswa kufika na unaona kilivyomwacha mtu mtupu. Hilo toleo limekarabatiwa na kuonyeshwa Bologna, Italia, mwaka 2025, ukilipata usiangalie jingine.

Kwa hiyo nikikupangia mimi: kama sebuleni kuna bibi, shangazi, watoto wakubwa na pilau, weka Sholay, kila mtu atapata chake, ila wale wadogo sana wakalale kabla ya Gabbar. Kama umetoka kazini umechoka unataka muvi moja safi ulale, The Magnificent Seven. Kama una nafasi ya kuangalia moja tu katika maisha yako na umetulia, simu iko chumba kingine, ni Seven Samurai na sina mjadala kwenye hilo. Na kama utaangalia zote tatu basi anza na Sholay, inakufundisha kuipenda hii stori kwa moyo, ufuate na Seven Samurai uone ilivyokuwa kabla haijaongezewa chochote, umalizie na The Magnificent Seven, kwa sababu ukishawajua Kambei na Kikuchiyo utakuwa unawatafuta kwenye kila koboi na huo mchezo wa kuwatafuta ni raha yake. Ile The Magnificent Seven mpya ya 2016 ya Denzel Washington iko sawa kwa eksheni, Denzel ni Denzel, lakini isubiri zote hizo zipite.